Safu Niliyoifuta

Wiki ile mlipopita hapa Kasongo na masanduku yenu, ninyi vijana wa chuo mnaotaka kuwavalisha tembo mikanda tena, mmoja wenu aliniuliza: "Muzee, hizi kolye zinaaminika kweli?" Nilikohoa, nikaomba maji ya kunywa, nikawapigia hadithi ya ubovu wa barabara ya Kabambare. Mkaondoka mkidhani mzee amechoka. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nililiogopa swali, na sasa nawaandikia ili nisipate tena nafasi ya kukohoa.

Kolye ndivyo tulivyouita, kwa Kifaransa chetu cha njiani, ule mkanda mpana wa shingoni wenye kisanduku kinachosikiliza satelaiti. Kisanduku kinajua kipo wapi, kinatuma habari hiyo juu, nayo inarudi chini kwenye kompyuta ya biro, yaani ofisi yetu, kama nukta kwenye ramani. Nimefanya kazi na vitu hivyo tangu mradi wetu ulipoleta cha kwanza mpaka nilipostaafu. Kabla ya hapo nilikuwa mfuata nyayo tu, mtu wa miguu na panga, na nawaambia kweli kwamba siku zile nilikuwa na akili zaidi.

Kolye ya kwanza hatukumvalisha tembo. Tulimvalisha mbuzi. Daktari wa mradi, mgeni mmoja mwembamba aliyekunywa chai bila sukari, alisema hakuna kumvalisha mnyama wa porini kitu ambacho hatujakijaribu. Tukamfunga mbuzi nyuma ya biro, kamba ya hatua tano, chini ya migomba, wiki nzima. Kisha tukabandika ramani ukutani. Kwa mujibu wa satelaiti, mbuzi yule alikuwa amevuka barabara, amezunguka nyumba ya jirani, amelala katikati ya shamba la mihogo na amerudi nyumbani kabla ya jua kuchomoza, yote hayo akiwa na kamba shingoni.

Tulicheka sana. Kisha akaingia jirani mwenyewe, Bibi Hadija, kuomba moto. Akaiona ramani na nukta zake, akauliza ni nini, na mimi kwa kujigamba nikamweleza.

"Kumbe ni mbuzi yenu inakula mihogo yangu," akasema. "Iko hapa mu karatasi."

"Bibi, mbuzi imefungwa. Kamba ndiyo ile, angalia."

"Basi karatasi yenu inasema uongo?"

Nikamtazama daktari, daktari akatazama chai yake. Asubuhi ile ile tulikuwa tumemwambia kiongozi mmoja aliyetutembelea kwamba karatasi hii haisemi uongo. Bibi Hadija akachukua kaa lake la moto, akaenda zake, na kwa mwezi mzima hakumsalimia yule mbuzi.

Hilo ndilo somo la kwanza, na mlishike. Pale wazi, kolye hukosea hatua chache. Chini ya migomba hukosea zaidi. Ndani ya msitu mnene au kwenye korongo, hukosea hata umbali wa kijiji kizima, au haioni kitu kabisa. Kabla ya kumvalisha mnyama, itundikeni kwenye mti mnaoujua, kisha kwenye korongo mnalolijua, muihesabie makosa yake huko. Tulifanya hivyo kwa mbuzi tu, nyuma ya biro, mara moja, tukaona yatosha.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Mulonda, Mubangubangu kwa kabila, wa upande wa mji mdogo wa Wamaza, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambaye watoto walimtania kwamba tembo ni ndugu zake. Hakuwa na haraka na kitu chochote. Mavi ya tembo aliyapima kwa kidole, mpaka kwenye kiungo cha pili: yakiwa na moto ndani, mnyama yuko karibu, yakiwa baridi na siafu wameshaingia, amekwenda. Alinionyesha kutazama utando wa buibui juu ya unyayo, na utomvu wa tawi lililovunjwa, kama bado unadondoka au umeganda. Aliniambia pia niwe na kidole cha kazi na kidole cha kula, nisivichanganye. Siku ya kwanza nilivichanganya. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo jingine alilonifundisha ni tawi. Kule kwao, mfuata nyayo akijua kuna tembo karibu na mashamba, hukata tawi lenye majani mabichi na kulilaza kukata njia. Hakuna maneno, hakuna barua. Mwanamke mwenye kikapu akilikuta tawi, anageuka. Majani yakiwa mabichi, njia imefungwa. Yakikauka yakawa kahawia, na mwenye tawi asiweke jingine, njia imefunguka. Anayeruhusiwa kuliondoa kabla halijakauka ni mfuata nyayo peke yake, na akiliondoa, kila kitakachotokea mbele ya njia ile ni chake. Mzee Mulonda alinitajia sharti hilo mara moja tu, na kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kuweka viatu.

Baadaye mradi ulifungua kambi ndogo ng'ambo ya Wamaza, karibu na kijiji alichoolewa dada yangu Zaina. Tulikuwa na panel moja ya jua, kompyuta, mashine ya kuchapa, na mimi nikawa mkubwa wa mahali. Tembo mmoja jike, mwenye sikio la kushoto lililochanika, alikuwa amevaa kolye yetu. Watu walimwita Mama Sikio. Alikuwa akivuka mto Luama anavyotaka, huku na kule, akiongoza wenzake wachache waliobaki. Kila baada ya saa nne nukta yake iliingia, na kila asubuhi nilichapa jedwali lake na kulibandika mlangoni: siku, saa, mahali.

Jedwali lilipotoka kwenye satelaiti lilikuwa pana, safu nyingi mno. Nusu yake sikuielewa. Nikichapa, lilikatika katika karatasi mbili, na karatasi zililetwa kutoka Kasongo kwa pikipiki, siku mbili za matope, nusu zikifika zimelowa. Basi nikazifuta safu nilizoona hazina kazi: joto la kisanduku, nguvu ya betri, na ile ya mwisho kabisa, iliyokuwa na herufi moja tu katika kila mstari, N au R. Hakuna aliyenieleza maana yake na mimi sikuuliza. Mkubwa wa kambi haulizi herufi. Jedwali likaingia kwenye karatasi moja, safi, na nilijisifu kwenye foni ya redio mbele ya daktari kwamba sasa natumia nusu ya karatasi.

Kwa miezi mingi mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniharibu. Nukta ikisema mlimani, tunakwenda, tunamkuta. Nukta ikisema mtoni, tunakuta nyayo. Nikaacha kutembea kila siku, kisha nikaacha kabisa. Mzee Mulonda aliendelea kutembea peke yake, na jioni alipita mlangoni kwangu kunieleza alichoona, nami nilimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mzazi anayerudia habari za zamani.

Ule msimu mvua zilirudi mapema wakati karanga zimeshakomaa. Mnajua ninyi wenye mama wakulima: karanga iliyokomaa ikinyeshewa inaanza kuota ardhini, na ukichelewa siku nne umelima bure. Mashamba ya wanawake yalikuwa bondeni, kando ya korongo lenye mianzi, na kwenye njia ya kwenda huko Mzee Mulonda alikuwa amelaza tawi. Wanawake wakangoja siku moja, wakangoja ya pili. Siku ya tatu asubuhi walikuja kambini na vikapu vyao, dada yangu akiwa mbele. Zaina alikuwa mkubwa wangu, Yaya kama tunavyosema kwetu, ndiye aliyenibeba mgongoni, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Mudogo wangu, karanga zinaanza kuota mu udongo," akasema. "Wewe uko na mashini. Ile tembo iko wapi?"

Nikatazama mlangoni. Nukta kumi na mbili zilizopita, za siku mbili, zote mahali pamoja. "Iko ngambo ya Luama, Yaya. Tangu juzi haijatoka pale."

Mzee Mulonda alikuwa ameketi kwenye gogo akifunga kamba ya panga lake. "Haiko ngambo," akasema. "Jana mangaribi nilishika mavi yake pale mu mianzi. Ilikuwa na moto."

"Itakuwa ya tembo ingine, Muzee. Dume ya kupita."

"Dume inatembea na mutoto? Nyayo ya mutoto iko pembeni yake."

"Muzee, karatasi hii ni yake mwenyewe. Imetoka ku shingo yake."

Akaniangalia. "Karatasi iko na kidole?"

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Walimcheka yeye, si mimi, na nilifurahi. Nakiri hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikucheka.

Nikashuka nao hadi kwenye njia. Tawi lilikuwa bado bichi, majani yamelala tu kidogo kwenye ncha. Nikaliokota, nikalitupa kichakani, nikapangusa mikono. Zaina akanipita akanigonga bega kwa kikapu chake, kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto, akasema atanitumia karanga za kuchemsha. Mzee Mulonda alisimama nyuma yangu. Alikuwa ameshasema.

Jua lilikuwa halijafika katikati tuliposikia kelele. Wengine walikimbia wakapona. Zaina alikuwa ameinama, amejaza kikapu nusu, na Mama Sikio alitoka kwenye mianzi kwa sababu mtoto wake alikuwa upande wa pili wa shamba na watu wamesimama katikati. Tembo yeyote mwenye mtoto angefanya vile. Hayo mengine sitayaandika. Shemeji yangu Amisi, mume wake, alifika kabla yangu, nikamkuta amekaa chini kwenye mistari ya karanga, akiokota zilizomwagika na kuzirudisha kikapuni, moja moja.

Tulimzika alasiri ile ile. Kesho yake wenye bunduki walikuja kutoka upande wa machimbo ya Salamabila, sikuuliza nani aliwaita, wakampiga Mama Sikio hapo hapo shambani. Mtoto alikimbilia kwenye mianzi na hatukumwona tena. Nyama iligawanywa, mkanda hakuna aliyetaka kuugusa kwa siku kadhaa, ukabaki juani penye uwazi. Kisanduku kikaanza kutuma nukta nzuri ajabu. Sijapata kuona nukta nzuri kama zile maisha yangu yote, zote zimekaa pamoja, hatua mbili tatu tu, kila saa nne bila kukosa. Nilizitazama zikiingia mpaka nikang'oa waya wa kompyuta.

Kisha daktari akauliza kwenye foni kilichotokea, na kijiji kizima kikakusanyika kuuliza swali lile lile. Nikajibu kwa maneno mawili: mashini ilidanganya. Lilikuwa jibu jepesi na kila mtu alilipokea. Daktari alilipokea kwa sababu alimkumbuka mbuzi. Wazee wa kijiji walilipokea kwa sababu hawakuipenda mashini tangu mwanzo. Amisi alilipokea kwa sababu alihitaji kitu cha kukichukia ambacho si ndugu wa mke wake. Akanishika mkono mbele ya watu akasema, "Shemeji, hata wewe imekudanganya," na tulilia pamoja. Mimi pia niliamini, siku zile.

Mradi ukazivua kolye nyingine zote. Kijiji kilisema mnyama yeyote atakayeonekana na mkanda atauawa kwanza, na hakuna aliyewalaumu. Baada ya hapo hatukujua tena tembo wako wapi, na wenye bunduki walijua. Nilipita korongo lile mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Mianzi imefunga njia zote, na hakuna hata mmoja uliovunjwa na tembo.

Nilikwenda pia kwa Mzee Mulonda, miezi michache baada ya mazishi, kumwomba arudi kazini. Alikuwa akichonga mpini wa jembe nyuma ya nyumba.

"Muzee, watu wanahitaji matawi yako sasa kuliko zamani."

"Wanapita juu yake," akasema. "Waliona umeitosha mu njia mara moja na mukono, jua ingali inawaka vilevile. Ile haiko tawi tena. Ni kuni."

Hakuniambia neno la kunilaumu, wala siku ile wala nyingine yoyote mpaka alipokufa. Ningependa angenitukana.

Sasa safu. Mwaka uliofuata nilirudishwa biro ya Kasongo, na akaja binti mmoja fundi wa kompyuta kutusaidia kupanga data za zamani. Alifungua majedwali jinsi yalivyotoka kwenye satelaiti, kabla sijayakata. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikila mkate. Akauliza kwa nini siku fulani zina R tupu.

"R ni nini?" nikauliza.

"Répété, Muzee. Kisanduku kikikosa kuona satelaiti, kinarudia mahali pa mwisho palipojulikana, na saa mpya. N ni nukta mpya. R maana yake: sijui iko wapi."

Nikamwomba afungue siku zile. Mstari wa kwanza N, ng'ambo ya Luama. Halafu R, R, R, kumi na mbili, mpaka ile ya asubuhi Zaina alipokuja na kikapu. Mama Sikio alikuwa amevuka mto na kuingia korongoni, chini ya mianzi, ambako kisanduku hakikuona mbingu. Kilifanya kitu cha kweli kabisa: kilisema mara kumi na mbili kwamba hakijui. Mimi ndiye niliyefuta maneno hayo ili yaingie kwenye karatasi moja. Nilimwambia binti afunge jedwali, nikatoka nje.

Sikumwambia mtu. Niliendelea na kazi, nikapandishwa cheo, nikawafundisha wengine kuitazama safu ile na kamwe sikuwaeleza nilijulia wapi. Kila Idi nilipanda pikipiki hadi Kabambare, ambako Amisi amehamia na kufungua kiduka cha chumvi na sabuni, tukala pamoja, na kila mara yeye mwenyewe aliitukana ile mashini, nami nilitikisa kichwa.

Kwa hiyo jibu lenu ni hili. Kolye inaaminika kwa kiasi inachokisema yenyewe, na huwa inasema, mkiiacha iseme. Ulizeni kila safu maana yake kabla ya kumgusa mnyama. Nukta ikikaa pale pale mno, msifurahi. Nendeni kwa miguu. Na mfuata nyayo wa kijiji akisema mavi yana moto, hata mkiwa na nukta mia, mwacheni afunge njia. Sijui kama mtasikia. Mimi niliambiwa haya yote na mtu bora kuliko mimi, nikacheka. Wala sidhani kuna tembo wengi waliobaki wa kuvalishwa.

Mlipoondoka sikulala vizuri siku tatu. Ya nne nikapanda pikipiki kwenda Kabambare, na safari hii haikuwa Idi. Nilimkuta Amisi kwenye kiduka chake akifunga chumvi kwenye vifuko. Nikamwambia yote pale pale, safu, herufi, karatasi iliyolowa. Aliendelea kufunga chumvi mpaka nilipomaliza.

"Kama ungeacha ile herufi," akauliza, "ungeacha na tawi?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijue, shemeji. Nilikuwa napenda wanione mimi ndiye najua."

Akafunga kifuko kingine, akakiweka juu ya vingine. "Ile mashini nilikuwa naichukia bila kuisalimia," akasema. "Wewe, nitakusalimia namna gani?"

Mchana bintiye akaleta maji ya kunawa, kisha sahani moja ya bugali na sombe ya majani ya mihogo, kama kawaida yetu, sahani moja watu wawili. Amisi akanawa, akaisogeza yote upande wangu, akasimama, akaenda kukaa nje kwenye jua. Nilikula peke yangu mpaka ikaisha, kwa sababu kubakiza kungekuwa kumwita arudi ale nami, na haki hiyo sikuwa nayo tena.